Chablis: jiwe limebebeshwa sifa zisizo zake

Geuza chupa ya Chablis usome maandishi ya nyuma, na mara nyingi utakutana na maelezo yale yale: miaka milioni 150 iliyopita hapa palikuwa na bahari, chaza wakafa, wakageuka mawe, na leo mvinyo unanukia chaza hao. Nusu ya maelezo hayo ni kweli. Bahari ilikuwepo na chaza wamo ardhini. Ila hakuna aliyewahi kuonyesha njia inayoitoa ladha ya gamba kwenye mwamba na kuiingiza kwenye zabibu. Maadamu wanunuzi wanaridhika na maelezo hayo, hawaulizi mambo matatu yanayoamua ubora wa chupa waliyoishika: shamba linatazama wapi, mkulima aliuvukaje mwezi wa Aprili, na zabibu zilifanywa nini kuanzia siku ya kuvunwa hadi mvinyo kutiwa kwenye chupa.

Chablis ni mji mdogo wa watu elfu mbili na ushei, kando ya mto Serein katika mkoa wa Yonne, kilomita 180 hivi kusini-mashariki mwa Paris. Kisheria ni sehemu ya Bourgogne, lakini Beaune, kitovu cha Bourgogne, iko zaidi ya kilomita 100 kusini. Mashamba ya Champagne yaliyo mkoa wa Aube yako jirani zaidi. Mvinyo ni mweupe tu, na zabibu ni ya aina moja tu, Chardonnay. Madaraja ni manne. Petit Chablis iko chini kabisa, inafuatwa na Chablis yenyewe, kisha Chablis Premier Cru, na juu kabisa Chablis Grand Cru. Sheria inataka angalau mizabibu 5,500 kwa hekta na inaweka kikomo cha mavuno: hektolita 60 kwa hekta kwa madaraja mawili ya chini, 58 kwa Premier Cru na 54 kwa Grand Cru. Tofauti kati ya 60 na 54 ni ndogo, kwa hiyo pengo la bei kati ya Petit Chablis na Grand Cru halielezwi na wingi wa mavuno.

Tuanze na jiwe lenyewe. Okota kipande kwenye mteremko wa Les Clos, mojawapo ya mashamba ya Grand Cru, ukitazame kwa karibu. Ni la kijivu linaloelekea weupe, na palipochanganyika na udongo mfinyanzi linamomonyoka kwa kidole likilowa. Ndani yake vimejaa vigamba vidogo vilivyopinda kama alama ya mkato, vingi havizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Huyo ndiye chaza wataalamu wanayemwita Exogyra virgula. Tabaka hilo la chokaa na mfinyanzi linaitwa la Kimmeridge, kwa jina la kijiji cha pwani ya Dorset, Uingereza, ambako mawe ya umri huo yalichunguzwa. Juu yake, kwenye vilele tambarare, kuna tabaka changa zaidi la Portland: chokaa ngumu, mfinyanzi kidogo, udongo mwembamba. Mashamba mengi ya Petit Chablis yako huko juu.

Sasa fuata tabaka la Kimmeridge uone linakokwenda. Kusini-magharibi linatokeza Sancerre, ng'ambo ya Loire, ambako wanapanda Sauvignon Blanc na kupata mvinyo wenye harufu ya majani na malimau. Kaskazini-mashariki linaingia Aube, na huko juu yake wanapanda Pinot Noir ya kutengenezea Champagne. Mwamba mmoja, chaza wale wale, na mivinyo mitatu ambayo hata asiyezoea kuonja hawezi kuichanganya. Kama ladha ingetoka kwenye gamba, ingefaa ijitokeze kote kutatu.

Mzizi haunyonyi jiwe. Unanyonya maji yaliyoyeyusha kiasi kidogo sana cha madini, na madini hayo hayana harufu. Kazi ya mwamba wa Kimmeridge ni nyingine, nayo si ndogo: mfinyanzi unahifadhi maji ya kiangazi na chokaa inapitisha maji ya ziada, hivyo mzabibu haukauki wala hauozi miguu. Kwenye Portland ya kilimani mzabibu huona kiu mapema, na upepo huchelewesha kuiva. Ile harufu ya jiwe la kiberiti lililogongwa, ambayo wengi huitaja kama ushahidi wa mwamba, inaelezwa vizuri zaidi na misombo ya salfa inayozaliwa wakati wa kuchacha, hasa chachu inapokosa hewa na chakula cha kutosha. Ikichanganyika na asidi kali na ukosefu wa harufu za matunda matamu, ulimi unasema «jiwe». Hisia hiyo ni ya kweli, ila chanzo chake ni tangi na baridi.

Suala hili liliwahi kuwa vita ya kisheria. Mipaka ya mwaka 1938 ililifanya tabaka la Kimmeridge kuwa kipimo kikuu cha ardhi inayostahili jina la Chablis. Wakati huo hilo halikuwaumiza wengi, kwa sababu mashamba yalikuwa yakifa. Wadudu wa filoksera wanaoharibu mizizi ya mizabibu mwishoni mwa karne ya 19, reli iliyoleta mvinyo wa bei rahisi Paris kutoka kusini, kisha vita mbili na jalidi (baridi ya kugandisha) za mfululizo viliifikisha Chablis ya miaka ya 1950 kwenye hekta mia tano na kidogo. Bei zilipopanda, wakulima wakataka ardhi zaidi. Katika miaka ya 1970 mzalishaji William Fèvre aliongoza kambi iliyotaka kipimo cha Kimmeridge kibaki, na mzalishaji mwenzake Jean Durup akaongoza kambi iliyosema mwelekeo wa kilima na hali yake ya hewa vina uzito sawa na jiwe au zaidi. Kambi ya Durup ilishinda. Leo mizabibu imefunika zaidi ya hekta 5,500.

Kwa maoni yangu Durup alikuwa na hoja sahihi iliyotumiwa vibaya. Kweli mwelekeo wa kilima una uzito kuliko umri wa jiwe. Lakini kama hicho ndicho kipimo, basi kingepaswa pia kufungia nje ardhi tambarare na miteremko inayotazama kaskazini, hata ile yenye Kimmeridge. Upanuzi uliingiza baadhi ya ardhi hiyo. Matokeo yake ni Chablis za daraja la kawaida zenye asidi bila mwili, zinazouzwa kwa sifa ya jirani zao.

Jirani hao wako kwenye mteremko mmoja. Grand Cru yote, hekta 100 hivi, imelala ukingo wa kulia wa Serein, juu kidogo ya mji, ikitazama kusini-magharibi. Jua la alasiri la Septemba, ambalo kwenye latitudo hii ya karibu nyuzi 48 kaskazini halina nguvu nyingi, hupiga kilima hicho kwa pembe nzuri, na mgongo wa kilima hukinga upepo wa kaskazini. Kutoka kaskazini-magharibi majina ni saba: Bougros, Preuses, Vaudésir, Grenouilles, Valmur, Les Clos na Blanchot. Les Clos ndilo kubwa, hekta 26 hivi, na ndilo linalotoa mvinyo mzito na mgumu zaidi ukiwa mchanga. Blanchot limegeukia kusini-mashariki, hupata jua la asubuhi na kupoa mapema, na mvinyo wake huwa mwepesi wenye manukato. Valmur na Vaudésir zimekatwa na vibonde, kwa hiyo ndani ya jina moja kuna upande unaochomwa na jua na upande unaokaa kivulini. Hapo jina kwenye lebo halitoshi. Muulize muuzaji mashamba ya mzalishaji huyo yako upande gani. La Moutonne, hekta 2.35 za mzalishaji Long-Depaquit zilizolala sehemu kubwa Vaudésir na kipande kidogo Preuses, haimo katika yale saba lakini inauzwa kama Grand Cru, na ubora wake unastahili.

Premier Cru imesambaa kwenye majina 40, ingawa mengi huuzwa chini ya majina makuu 17. Jambo la kukumbuka ni ukingo wa mto. Ukingo wa kulia, Fourchaume, Montée de Tonnerre na Mont de Milieu hukaribia Grand Cru kwa uzito; Montée de Tonnerre imetenganishwa na Blanchot kwa kibonde tu, na ndiyo ningeichagua kwanza katika daraja hilo. Ukingo wa kushoto, Vaillons, Montmains na Côte de Léchet hutazama kusini-mashariki, na mivinyo yake ni myembamba, mikali, yenye kufika mapema.

Sasa Aprili. Msomaji aliyezoea nchi isiyo na majira ya baridi aelewe hivi: mzabibu unalala tangu Novemba, na macho yake, yaani sehemu zinazochipua, yakiwa yamefunga huweza kuvumilia nyuzi 15 chini ya sifuri. Yakishachipua, jani laini lenye unyevu hufa joto likishuka kupita nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi ni nzito, inateleza kutoka vileleni na kutuama bondeni kama maji. Serein na vibonde vyake ni mabeseni ya hewa hiyo. Mwaka 1957, 2016, 2017, 2021 na 2024 ni baadhi tu ya miaka ambayo jalidi ilikata mavuno. Ongezeko la joto duniani halijaondoa balaa hilo. Machi yenye joto huamsha macho mapema, na usiku wa baridi wa Aprili unayakuta yamekwisha fumbuka.

Kinga ya kwanza haina gharama kubwa: kupogoa kwa kuchelewa, kukata nyasi fupi kabla ya hatari, na kutolima udongo siku hizo. Udongo ulioshikamana na wenye unyevu hulimbikiza joto la mchana na kulirudisha usiku. Nyasi ndefu hulizuia joto hilo na huongeza unyevu kwenye majani. Baada ya hapo huja mishumaa, yaani ndoo za bati zilizojaa parafini, mia tatu hadi mia nne kwa hekta, zinazowashwa kwa mkono saa nane au tisa za usiku. Kundi moja la ndoo hutosha usiku mmoja hadi miwili, kwa gharama ya maelfu ya yuro kwa hekta. Mkulima wa Grand Cru anaweza kuibeba gharama hiyo. Wa Petit Chablis hawezi, naye mara nyingi huomba Mungu kilima chake kipitwe.

Njia ya tatu ndiyo inayoshangaza: kuumwagia mzabibu maji wakati joto liko chini ya sifuri. Kila lita ya maji ikiganda hutoa joto, takriban kilojuli 330, na chipukizi lililofunikwa na barafu inayozidi kujengeka hubaki karibu na sifuri, juu ya kiwango cha kufa. Asubuhi unaona jani la kijani limesimama zima ndani ya kioo cha barafu. Lakini njia hii haisamehe. Hutumia meta za ujazo 30 hadi 40 za maji kwa hekta kila saa. Pampu ikikwama kwa nusu saa, barafu yenye maji juu yake huanza kupoteza joto kwa mvuke, na chipukizi linakuwa baridi kuliko kama lisingemwagiwa kitu. Kadhalika huwezi kuzima pampu mara jua linapochomoza. Unaendelea hadi barafu ianze kuyeyuka na kudondoka yenyewe. Bwawa la Beine lilichimbwa kwa ajili ya kazi hii, na upande wa Fourchaume unanufaika nalo. Wengine wametandika nyaya za umeme zinazopasha joto kando ya tawi. Kwa hiyo shamba lenye maji na lisilo na maji, hata yakiwa juu ya chaza wale wale, hayafanani kabisa mwaka wenye jalidi. Mizabibu iliyoungua huchipua tena kutoka macho ya akiba, huzaa kidogo, na huiva kwa kupishana, hivyo mvunaji analazimika kuchagua kati ya zabibu mbichi na zilizopitiliza katika safu moja.

Mavuno nayo yana jambo ambalo lebo hazisemi. Sehemu kubwa ya Chablis huvunwa kwa mashine. Mashine hupiga mizabibu, punje zinaanguka bila vikonyo, na nyingi zinapasuka. Maji ya zabibu hukutana na hewa kabla ya kufika kwenye kikamulio, na mtengenezaji hulazimika kutumia salfa zaidi mapema. Kwa mvinyo wa kunywewa ndani ya miaka miwili, dereva akiwa stadi na zabibu zikivunwa alfajiri, hakuna hasara kubwa. Kwa mvinyo unaouzwa kwa ahadi ya miaka kumi, naona mikono haina mbadala: vichala vizima hukamuliwa polepole, vikonyo vinafungua njia za maji kupita, na maji hutoka safi.

Kutoka hapo njia zinagawanyika, na wazalishaji hutofautiana kuliko mashamba yao. Louis Michel aliachana na mapipa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mvinyo wake wote hukaa kwenye matangi ya chuma. Ukitaka kusikia tofauti kati ya Vaillons na Montmains bila kitu kingine kuingilia, anzia hapo. Raveneau, nyumba iliyoanzishwa na François Raveneau mwaka 1948, na Vincent Dauvissat wanatumia mapipa, yakiwemo yale madogo ya jadi ya lita 132 yanayoitwa feuillette, lakini ni makuukuu. Pipa kuukuu halitoi ladha ya mwaloni; linaingiza hewa kidogo kidogo, na mvinyo unakaa juu ya mashapo ya chachu muda mrefu, kwa Raveneau karibu mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana mivinyo hiyo ina unene bila utamu. Mapipa mapya ni habari nyingine: vanila yake huifunika Chardonnay ya nchi baridi hadi isijulikane imetoka wapi. Mivinyo ya William Fèvre mwenyewe, yule mtetezi wa Kimmeridge, ilikuwa na mwaloni mpya mwingi. Henriot waliponunua nyumba hiyo mwaka 1998 waliupunguza, na mivinyo ikawa mikavu na iliyonyooka zaidi. Pishi moja liliibadilisha sura ya karibu hekta 15 za Grand Cru bila kugusa jiwe hata moja.

La Chablisienne, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1923, hutoa karibu robo ya mvinyo wote wa Chablis, na kinamiliki sehemu kubwa ya Grenouilles. Wanaodharau ushirika wangepaswa kuionja hiyo kabla ya kusema. Huko Courgis, Alice na Olivier De Moor wanalima bila kemikali kwenye ardhi ya daraja la kawaida, na mivinyo yao huwazidi wengi wenye majina ya Premier Cru. Benoît Droin ni mwingine wa kutegemewa, hasa kwa anayetaka kulinganisha Grand Cru kadhaa za mkono mmoja.

Hatua moja zaidi hugeuza kila kitu: bakteria kuibadilisha asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki. Chablis karibu wote huiruhusu, kwa sababu asidi ya mwaka wa baridi ingeumiza meno. Lakini katika miaka ya joto asidi ya maliki huwa imeteketea shambani tayari, na kubadilisha kidogo iliyobaki hakuleti tofauti kubwa. Silaha pekee inayobaki ni tarehe ya kuvuna. Zamani mavuno yalikuwa mwisho wa Septemba na Oktoba. Mwaka 2020 baadhi walianza mwishoni mwa Agosti. Juma moja la kuchelewa kwenye joto hilo huongeza kilevi na kuangusha asidi kiasi ambacho hakuna ghala linaloweza kukirudisha.

Kwa mnunuzi, basi, tazama jina la mzalishaji kwanza, kilima pili, mwaka tatu, daraja mwisho. Petit Chablis na Chablis za kawaida zinywe ndani ya miaka mitatu, zikiwa na nyuzi 8 hadi 10 za joto, pamoja na chaza wabichi au jibini la mbuzi. Premier Cru ipe miaka mitano, Grand Cru minane au zaidi, na usiipoze chini ya nyuzi 11, maana baridi ya friji huua harufu na kubakisha ukali. Kati ya mwaka wa pili na wa tano Grand Cru nyingi hujifunga na kuonekana hazina kitu. Ikikutokea, imimine kwenye jagi pana saa moja kabla. Rangi ikiwa ya dhahabu nzito na harufu ya tufaha lililokatwa na kuachwa wakati chupa haina hata miaka sita, hewa imeingia mapema, tatizo lililoisumbua mivinyo myeupe ya Bourgogne tangu mavuno ya katikati ya miaka ya 1990. Laroche, mzalishaji mwingine, waliwahi kuamua kutumia vizibo vya kuzungusha, hata kwa Grand Cru.

Anayetaka kulipima yote haya mezani anunue Vaillons mbili za mzalishaji mmoja, ya 2020 na ya 2021. Ardhi ni ile ile na mikono ni ile ile. Ya kwanza imetoka kwenye kiangazi cha joto na mavuno ya mapema: imeiva, ina unene wa pichi. Ya pili imepita kwenye jalidi ya Aprili na kiangazi cha mvua: nyembamba, ya ndimu, kali ubavuni mwa ulimi. Chaza wa Kimmeridge wamo chini ya zote mbili.